Namba iliyoko kwenye tala: sarafu za watemi wadogo wa Ujerumani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi Nuremberg, na kwenye soko la vitu vikuukuu la huku nimenunua sarafu kubwa ya fedha iliyopiga weusi. Upande mmoja kuna mwanamume mwenye nywele za bandia na maneno ALEXANDER D. G. MARCH. BRAND. Upande wa pili kuna nembo, herufi S, mwaka unaoanza na 177 (tarakimu ya mwisho imelika) na maneno X EINE FEINE MARK. Nilidhani ni marki kumi, lakini mwenzangu Mjerumani anasema marki haikuwapo zama hizo. Huyu Alexander ni nani? Sarafu ilikuwa na thamani gani? Na kwa nini Ujerumani ilikuwa na sarafu za watawala wengi kiasi hiki?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amepatia nusu. Marki kama fedha ya Ujerumani nzima ilikuja baada ya nchi kuungana mwaka 1871, na marki iliyohesabiwa kabla ya hapo ilikuwa ya miji ya kaskazini kama Hamburg na Lübeck, si ya huko uliko. Kwenye sarafu yako neno hilo halitaji pesa, linataja uzito. Marki ya Köln ilikuwa kipimo cha wafua fedha, karibu gramu 234, na FEINE maana yake ni fedha safi isiyochanganywa na kitu. Kwa hiyo maneno yote yanasema hivi: sarafu kumi za aina hii (sarafu kubwa ya fedha kama hii huitwa tala) zina marki moja ya fedha safi. Piga hesabu, utapata gramu 23.4 za fedha ndani ya sarafu moja. Ukiiweka kwenye mizani itasoma gramu 28 hivi, kwa sababu sehemu moja kati ya sita ni shaba, iliyotiwa ili sarafu iwe ngumu na isilike upesi mikononi mwa watu.

Nimeanza na namba kwa makusudi. Wengi wanaopata sarafu za karne ya 18 huanza na uso: nani huyu, alitawala wapi, alikuwa na cheo gani. Ni sawa, lakini uso ulikuwa fahari ya mtawala tu. Namba ilikuwa ahadi yake kwa anayepokea sarafu, na ahadi hiyo ilichongwa waziwazi kwa sababu watu wa kizazi hichohicho walikuwa wametoka kutapeliwa vibaya na sarafu zenye nyuso nzuri. Nitalifikia hilo.

Tumalize kwanza la Alexander. Jina lake kamili ni Christian Friedrich Carl Alexander, mtawala wa Ansbach tangu 1757, na wa Bayreuth pia tangu 1769. D. G. ni "kwa neema ya Mungu", na MARCH. BRAND. ni cheo cha ukoo wake wa Brandenburg, ukoo uleule wa wafalme wa Prussia. Mama yake alikuwa dada wa Friedrich wa Pili wa Prussia. Herufi S ni Schwabach, mji ulio kusini tu mwa hapo ulipo, ambako kiwanda chake cha sarafu kilikuwa. Sarafu yako haikusafiri mbali. Alexander alirithi madeni makubwa, na njia mojawapo ya kuyapunguza ilikuwa kuwakodisha wanajeshi wake kwa Uingereza kwenda kupigana Marekani. Mwaka 1777, walipofika Ochsenfurt kupandishwa mashua, askari hao waliasi, naye Alexander akaja mwenyewe kuwarudisha safuni. Mwaka 1791 aliwaachia Prussia nchi zake zote mbili kwa malipo ya kila mwaka, akahamia Uingereza. Ukiishika sarafu hiyo, kumbuka kwamba yule mwenye nywele za bandia aliuza hadi kiti chake.

Sasa, kwa nini walikuwa wengi hivyo?

Ujerumani kama nchi moja haikuwapo. Kulikuwa na Dola Takatifu la Kiroma, Kaisari wake akikaa Vienna, na chini yake tawala zaidi ya 300: wafalme, watemi wakubwa kwa wadogo, maaskofu na maabati wenye ardhi, makabaila, na miji huru kama hiyo Nuremberg yako. Kufua sarafu ilikuwa haki ya Kaisari tangu kale. Mwaka 1356 Kaisari Karl wa Nne aliithibitisha haki hiyo kwa wale saba waliokuwa wakimchagua Kaisari, na kwa karne zilizofuata ikaenea kwa wengine, huyu kwa hati ya fadhila, yule kwa mazoea yaliyokosa wa kuyapinga. Kufikia miaka ya 1700, kabaila ambaye unaweza kuivuka nchi yake kwa miguu kati ya alfajiri na magharibi alikuwa na hati sandukuni inayomruhusu kufua fedha.

Wengine walifua kwa ajili ya cheo peke yake. Chukua Liechtenstein. Ilifanywa utemi mwaka 1719, lakini watemi wake waliishi Vienna, na hakuna mtemi aliye madarakani aliyekanyaga Vaduz mpaka 1842. Hata hivyo walitoa sarafu mwaka 1728, tena 1758, tena 1778. Mkulima wa bonde la Rhine hakuzihitaji hata kidogo. Zilihitajika kwenye meza za Vienna, zipite mkononi kwa mkono ili watu waone kwamba ukoo huu una haki ya watawala. Sarafu za namna hii kwa kawaida ni nzuri mno, fedha kamili na michoro ya mafundi hodari, kwa kuwa hakuna anayejionyesha kwa kitu kibovu.

Kuna zingine ambazo mimi nazipenda kuliko zote, zile zilizotangaza madini ya nchi yenyewe. Watawala wa Pfalz walifua dukati za dhahabu iliyochekechwa kwenye mchanga wa mto Rhine, zenye mandhari ya mji wa Mannheim na maneno ya Kilatini SIC FULGENT LITTORA RHENI, yaani hivi ndivyo kingo za Rhine zinavyong'aa. Hesse-Kassel walifanya vivyo hivyo kwa dhahabu ya mto Eder, na Bavaria kwa dhahabu ya Danube, Inn na Isar. Dhahabu yenyewe ilikuwa chembe chembe. Kuikusanya mpaka itoshe dukati moja ilikuwa kazi ya kuchosha, na thamani ya sarafu pengine haikuilipa jasho hilo. Lakini mtawala alipata kitu cha kumpa mgeni na kumwambia: hii imetoka kwenye maji yangu.

Wengine, na hao ndio wengi, walifua ili kupata pesa. Hapa ndipo penye mambo.

Mwenye kiwanda alinunua fedha sokoni kwa bei fulani, akaifua, na tofauti kati ya bei ya madini na thamani iliyoandikwa juu ya sarafu ikawa yake baada ya kuwalipa mafundi. Kwenye sarafu kubwa kama yako tofauti hiyo ilikuwa nyembamba sana, maana wafanyabiashara wakubwa walizipima. Sarafu ndogo ni habari nyingine. Huko kusini guldeni moja ilikuwa kroiza 60, na kroiza moja fenigi 4. Kaskazini tala ya hesabu, yaani kiasi cha kuhesabia pesa na si sarafu kubwa kama yako, ilikuwa grosheni 24, na grosheni moja fenigi 12. Sarafu yako ilikwenda kwa guldeni 2 na kroiza 24 kwenye masoko ya kwenu huko, yaani kroiza 144. Ili kufua tala moja, shinikizo la skrubu hugonga mara moja. Ili kufua thamani hiyohiyo kwa kroiza, litagonga mara 144, na kila kipande kikatwe, kipimwe, kisafishwe. Kwa sababu ya gharama hiyo sheria iliruhusu sarafu ndogo ziwe na fedha kidogo kuliko stahili yake. Ruhusa hiyo ilikuwa ya haki kabisa, na ndiyo iliyofungua mlango wa wizi: ukishakubaliwa kupunguza kidogo, nani atajua umepunguza zaidi? Mama anayeuza mayai sokoni hana kikombe cha kujaribia fedha.

Kikombe hicho nakieleza kwa sababu ndicho kilichokuwa hakimu wa mambo yote. Mpimaji alikata kipande kidogo cha sarafu, akakipima, akakifunga ndani ya risasi na kukiweka kwenye kikombe kilichotengenezwa kwa majivu ya mifupa, kisha akakiingiza tanuruni. Risasi ikiyeyuka huingiwa na hewa, hubeba shaba pamoja nayo na kuzama ndani ya kikombe kama maji kwenye mchanga. Kinachobaki juu ni tone la fedha safi. Linapopoa hupimwa tena, na tofauti ya uzito inasema kila kitu. Dola lilikuwa limegawanywa katika kanda kumi, na kila ukanda ulitakiwa kuwa na mpimaji wake na mikutano ya kukagua sarafu za watawala wake. Bunge la Dola lililokaa Speyer mwaka 1570 liliamua kwamba kila ukanda uwe na viwanda vitatu au vinne tu vya pamoja, na kwamba kiwanda chake mwenyewe aruhusiwe tu mtawala mwenye migodi ya fedha. Ilikuwa sheria nzuri. Tatizo ni kwamba waliotakiwa kuitekeleza ndio hao waliofaidika kwa kuivunja.

Waliovunja zaidi walikuwa wadogo wenye madeni. Makabaila wa Montfort, wenye ngome yao Langenargen kando ya Ziwa Konstanz, walifua sarafu ndogo mbovu kwa miaka mingi hadi majirani zao wa Swabia wakazipiga marufuku. Haikuwaokoa. Walifilisika, na mwaka 1780 nchi yao ikawa mikononi mwa Austria.

Balaa lenyewe, hata hivyo, lilianzishwa na mkubwa. Mwaka 1756 Friedrich wa Pili wa Prussia aliivamia Saxony, ndipo Vita vya Miaka Saba vikaanza. Mjini Leipzig alikikuta kiwanda cha sarafu pamoja na mihuri ya chuma yenye sura ya mtawala wa Saxony, ambaye alikuwa pia mfalme wa Poland. Friedrich alikikodisha kiwanda hicho kwa wafanyabiashara, akiwamo Veitel Heine Ephraim na wenzake, kwa masharti yaliyoandikwa: watafua sarafu zenye fedha pungufu, na faida kubwa itakwenda kwenye hazina ya mfalme kulipia vita. Kiwango halali cha Prussia tangu 1750 kilikuwa tala 14 kwa marki moja ya fedha safi. Kadiri vita vilivyoendelea, marki hiyohiyo moja ilitolewa tala 20, kisha 30, na mwisho ikapita 40. Sarafu hizo, zikiwa na sura ya mtu mwingine, zilisukumwa hadi Poland, watu wakatoa ngano na farasi wao wakapokea shaba iliyopakwa weupe.

Watu waliimba mitaani: nje nzuri, ndani mbaya, nje Friedrich, ndani Ephraim. Wimbo huo umedumu, nami naona umemwonea mmoja na kumsitiri mwingine. Ephraim alipata faida, hilo halina ubishi. Lakini mkataba ulitiwa saini na mfalme, kiwango kilipangwa na mfalme, na pesa ilikwenda kwenye vita vya mfalme. Lawama ikawekwa kwa Myahudi, kwa kuwa kumlaumu Myahudi hakukuwa na hatari, kumlaumu Friedrich kulikuwa nayo.

Watawala wadogo walipoona kwamba mkubwa amechakachua na hakuna wa kumzuia, wakafungua milango. Mtemi wa Anhalt-Bernburg, Victor Friedrich, ni mfano unaoniumiza. Nchi yake ilikuwa na migodi yake katika milima ya Harz, na kwa miaka mingi alitoa sarafu za kupendeza zenye dubu anayetembea juu ya ukuta na maneno yanayotangaza fedha safi. Wakati wa vita kiwanda chake kilikodishwa, na muda si mrefu jina la Bernburg likawa jina la sarafu mbovu kote kaskazini. Mkodishaji alimlipa mtemi kiasi kilichokubaliwa, mtemi hakuuliza kilichokuwa kinatiwa chunguni. Viwanda vya namna hiyo vilichipuka kila upande, vingine kwenye vijiji na makasri ambayo hayakuwahi kufua chochote kabla ya hapo. Vikifua miaka miwili mitatu, vikifungwa, wakodishaji wanahamia kwa mtemi mwingine.

Nani alilipa gharama? Aliyekuwa na sarafu nzuri aliificha au aliiyeyusha, kwa hiyo zilizobaki mikononi ni zile mbovu. Askari, kibarua, mjane mwenye pensheni, mchungaji wa kanisa la kijijini, hao walilipwa kwa idadi, si kwa uzito: umeahidiwa tala nne, umepewa tala nne, nenda. Mwokaji mikate naye alijua sarafu ile ni nini, akapandisha bei. Aliyekopesha tala 100 nzuri mwaka 1755 alirudishiwa tala 100 mbaya mwaka 1761, na sheria ikamlazimisha apokee. Baada ya vita ilibidi Saxony na Prussia zichapishe majedwali ya kukokotoa upya madeni kwa kuangalia yaliandikwa lini, ili angalau mahakama ziwe na pa kushika. Amani ilipofika mwaka 1763 na sarafu mbovu zikaanza kukataliwa, nyumba kubwa za biashara Amsterdam na Hamburg zilianguka moja baada ya nyingine, kwa kuwa nyingi zilikuwa zimekopeshana juu ya biashara ya madini na sarafu za vita.

Hapo ndipo namba iliyo kwenye tala yako inapoingia. Mwaka 1753, kabla ya vita, Austria na Bavaria zilikuwa zimeafikiana kiwango kimoja: sarafu kumi kubwa kwa marki moja ya fedha safi. Vita vilipokwisha, Saxony ilikichukua kiwango hicho mwaka huohuo wa 1763, na watawala wengi wa kati na kusini wakakifuata, Ansbach mmojawapo. Prussia ilirudi kwenye tala zake 14 mwaka 1764. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari tena kuamini uso, waliandika kipimo juu ya sarafu yenyewe. Kubwa iliandikwa X, nusu yake XX, sarafu ya kroiza ishirini iliandikwa 60, na kule Saxony hata kisarafu cha grosheni moja kiliandikwa kwamba 320 vyake vinafanya marki moja. Msomaji yeyote mwenye mizani aliweza kumhukumu mtawala wake. Kwa maoni yangu hakuna kitu cha heshima zaidi kilichowahi kuchongwa kwenye fedha za Dola lile.

Usidhani basi kwamba mambo yalinyooka. Kiwango kilikuwa kimoja lakini hesabu hazikuwa moja. Bavaria ilishindwa kushikilia hesabu ya mkataba, ikazipandisha sarafu zilezile bei. Kwa hiyo tala kama yako ilikuwa guldeni 2 kamili Vienna, guldeni 2 na kroiza 24 Munich na Nuremberg, na grosheni 32 Leipzig. Fedha ni ileile gramu 23.4. Msafiri alihitaji kitabu cha hesabu mfukoni, na wabadilisha fedha walikula vizuri kila mpakani.

Kuna jambo moja litakalokugusa kama una wazee wa pwani. Mwaka 1753 kiwango hicho kilipokubaliwa, Austria ilitawaliwa na Maria Theresa. Katika Swabia, kando ya Danube kati ya Ulm na Augsburg, alikuwa na kiwanda kwenye mji mdogo wa Günzburg, katikati kabisa ya tawala hizo ndogo ndogo. Tala za huko zilinunuliwa na wafanyabiashara wa fedha wa Augsburg, zikapelekwa Bahari ya Sham kulipia kahawa ya Yemen. Maria Theresa alifariki Novemba 1780, lakini wanunuzi wa Kiarabu na Kihabeshi walitaka sarafu ileile waliyoizoea, yenye sura ileile, kwa hiyo ikaendelea kufuliwa na mwaka 1780 uleule hata baada ya yeye kuzikwa. Herufi S. F. zilizo chini ya kifua chake ni za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby. Hiyo ndiyo reale ya Sham iliyotumika Unguja na pwani nzima kabla ya rupia kushika soko. Uzito wake na fedha yake ni sawa na ya Alexander wako, kwa sababu zote mbili zimetoka kwenye hesabu moja ya kumi kwa marki. Kama kuna moja imebaki kwenye kasha la nyanya yako, ziweke pamoja kwenye mizani.

Kuhusu kuihakiki yako: sarafu za namna hii zinaigizwa sana, basi fanya hivi kabla ya kwenda kwa mtaalamu yeyote. Ipime kwanza kavu. Ikisoma kati ya gramu 27.5 na 28.1 ni dalili njema, maana mikono ya watu huila kidogo. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma desimali mbili, rudisha mizani kwenye sifuri, ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, na uizamishe yote majini bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa fedha na shaba za kiwango hiki inatakiwa iwe karibu gramu 2.75. Ikisoma gramu 3 na zaidi, ndani kuna kitu kingine. Angalia pia kama uwanja wa sarafu una mikwaruzo iliyonyooka inayopita hata chini ya maandishi. Watu huiona kama uharibifu, kumbe ni alama ya tupa: fundi alikuta kipande kizito kuliko kiwango, akakikwangua kabla ya kukigonga.

Na tafadhali usiusugue ule weusi. Dawa ya meno na majivu vitakupa sarafu inayong'aa na kukuondolea nusu ya bei. Kama imeshika uchafu, ioshe kwa maji safi ya uvuguvugu na ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa laini. Ukishaipima niletee namba mbili ulizopata, pamoja na picha ya ukingo wake na ya ile tarakimu iliyolika, tuone kama mwaka utasomeka.